Ufunguo wa Kuazima

Ndugu zangu, karibuni. Nimeombwa nizungumzie kujenga programu juu ya mtandao wa kijamii usio wenu. Wazee wanisamehe kwa kuanza na hii: nguo ya kuazima haisitiri matako. Chekeni tu, tutafika.

Tarehe 24 Mei 2007, San Francisco, Facebook ilifungua jukwaa lake kwa wasanidi programu wa nje. Kabla ya hapo ulihangaika kutafuta watumiaji mmoja mmoja; sasa uliwakuta wamo ndani, tena na marafiki zao. FarmVille, mchezo wa kulima shamba wa kampuni ya Zynga, mwaka 2009, ulistawi hivyo: rafiki akivuna, nawe unapata habari, utake usitake. Kisha Facebook ikazibana taarifa hizo, na mwaka 2011 ikataka malipo ndani ya michezo yapitie kwenye sarafu yake, yenyewe ikikata asilimia 30. Zynga na ukubwa wake wote, bado alikuwa mpangaji.

Sasa ufundi. Mtumiaji akibonyeza "ingia kwa akaunti yako", nenosiri lake hulioni. Anapelekwa kwa mwenye jukwaa, anaulizwa: huyu apewe jina lako? Barua pepe? Akikubali unarudishiwa msimbo wa idhini, na seva yako inaubadilisha kuwa tokeni. Ndiyo OAuth hiyo. Tokeni ni ufunguo wa vyumba ulivyoruhusiwa tu. Una muda wake, na aliyekupa anaweza kukunyang'anya usiku wa manane bila kukuaga. Hapa ndipo programu nyingi zinapoganda. Msanidi aliandika kila kitu kana kwamba jukwaa litajibu "ndiyo" milele.

Na ruhusa, jamani! Usiombe usichokitumia. Zamani Facebook ilikuruhusu kuchota hata habari za marafiki wa mtumiaji. Programu moja ya maswali ya haiba, iliyotoka mwaka 2013, iliwekwa na watu takriban 270,000. Data yake ikaishia mikononi mwa Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa, na kwa hesabu ya Facebook yenyewe huenda iligusa watu milioni 87. Hebu fikirini hao wengine: hawakubonyeza kitu, hawakuulizwa neno. Mlango ule ulitangazwa kufungwa Aprili 2014, programu zilizokuwepo zikaongezewa mwaka mzima, na kashfa yenyewe ikalipuka Machi 2018. Siku hizi ukiomba ruhusa nyeti unakaguliwa, unaeleza ya nini, unaonyesha kwa video inavyotumika. Wasanidi wananung'unika. Mimi, kusema kweli, sinung'uniki.

Ila ukaguzi haukulindi na mwenye nyumba. Januari 2023 Tweetbot na Twitterrific, programu za kusomea Twitter zilizodumu kwa miaka, zilikatiwa ghafla API, yaani mlango ambao programu huutumia kuzungumza na jukwaa. Kanuni ya kuzipiga marufuku iliandikwa siku chache baadaye. Kwa hiyo miito yote, yaani maombi programu yenu inayotuma kwa jukwaa, iwekeni sehemu moja ya msimbo wa programu, isitapakae kila faili. Mpeni mtumiaji njia ya pili ya kuingia. Kazi aliyoifanya ndani ya programu yenu ikae kwenye hifadhidata yenu.

Basi, fungueni kompyuta. Nendeni kwenye mipangilio ya akaunti zenu, iondoeni programu mliyoijenga, halafu irudieni bila kuingia upya. Nitapita kutazama skrini zinasema nini.