Zombie Kwenye Foleni ya Zawadi

NEEMA: Karibuni tena. Ni mimi Neema, pembeni yangu yupo Rama, na leo Rama kaja na gitaa, kwa hiyo mnajua siku itakavyokuwa.

RAMA: Safari hii nimelileta kwa kazi.

NEEMA: Haya. Tulipanga kuzungumzia jinsi wimbo wa roki mbadala unavyotengenezwa mpaka ukashika dunia. Nimeandaa mafunzo matano kwa wale mnaorekodi majumbani, maana mmetuma sana ujumbe mkiuliza. Mfano wetu ni Zombie wa The Cranberries, bendi ya Ireland. Sasa Jumamosi nilikuwa harusini Sinza, na kuna jambo limenikaa rohoni mpaka leo.

RAMA: Harusi ya binamu.

NEEMA: Ya binamu. Tukafika kwenye zawadi. MC anaita ukoo mmoja mmoja, foleni inaingia kwa kucheza kuanzia mlangoni mpaka kwa maharusi. Ukaitwa ukoo wetu. Shangazi zangu wako kwenye sare, vitenge vya kijani, mkubwa wao kajitwisha seti ya sufuria kichwani bila kuishika. DJ akaachia Zombie. Si ule wenyewe, ni rimiksi yenye besi ya kudunda. Ukumbi mzima mikono juu. Mimi nikatoka kwenye foleni, nikakaa.

RAMA: Shangazi anakuona?

NEEMA: Ananiona. Akanijia na sufuria zake kichwani: "Mwanangu, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Ila nilikuwa nimeshinda na habari za wimbo ule kwa ajili ya kipindi hiki, na mguu ukakataa kuinuka.

RAMA: Waambie ulichosoma, wengine hawajui.

NEEMA: Kuna mji Uingereza, kaskazini magharibi, unaitwa Warrington. Tarehe 20 Machi 1993, Jumamosi, kesho yake ni Siku ya Mama kule kwao. Mtaa wa maduka, Bridge Street, umejaa watu. IRA, kundi la Ireland lililopigana kwa silaha kuitoa Ireland Kaskazini mikononi mwa Uingereza, walikuwa wametega mabomu mawili ndani ya mapipa ya taka, mapipa ya chuma. Yalipolipuka, chuma cha pipa lenyewe ndicho kilichoruka vipande vipande. Mtoto wa miaka 3 akafa palepale. Alikuwa amepelekwa mjini na mlezi wake kumnunulia mama yake kadi. Mvulana wa miaka 12 alifariki siku tano baadaye. Majeruhi walipita 50. Na Dolores O'Riordan, mwimbaji wa The Cranberries, wakati huo ana miaka 21, binti wa Limerick, Ireland, bendi yake ndiyo kwanza inajulikana. Bomu limelipuliwa kwa jina la nchi yake. Akasema wazi kwamba wale hawakumwakilisha yeye, akatunga Zombie. Huo ndio wimbo uliochezewa na sufuria kichwani.

RAMA: Sasa ngoja mimi niwaonyeshe ulivyojengwa, halafu tutabishana.

NEEMA: Sijasema nataka kubishana.

RAMA: Uso unasema. Sikilizeni. (anapiga gitaa) E maina. C. G. Halafu D, ambayo besi yake imekaa kwenye F shapu. Basi. Kodi hizo nne zinazunguka kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ubeti na kiitikio. Hakuna daraja la ajabu, hakuna kubadilisha ufunguo. Sasa mtu utajiuliza, kama kodi ni zilezile, mbona kiitikio kinakupiga kifuani?

NEEMA: Kwa sababu ya makelele.

RAMA: Kwa sababu ya mpangilio wa makelele! Dada huyu alitunga kwa gitaa la kawaida la mbao, usiku, nyumbani kwake Limerick. Alipoupeleka mazoezini akashika gitaa la umeme mwenyewe, na kwenye kiitikio akakanyaga pedali ya distoshani, ile ya kukwaruza sauti. Akamgeukia Fergal Lawler, mpiga dramu, akamwambia apige kwa nguvu. Hii ni bendi ambayo watu waliijua kwa Linger, wimbo laini, wa kubembeleza. Nyimbo nyingi alikuwa akitunga na Noel Hogan, mpiga gitaa wao. Huu jina la mtunzi ni lake peke yake. Studio akakaa Stephen Street, prodyuza aliyekuwa amefanya kazi na The Smiths na Blur, bendi za Uingereza, na Street hakuutuliza. Kwenye ubeti anaimba karibu kama anaongea na mtu chumbani. (anapiga taratibu) Kiitikio kikiingia, sauti inavunjika kooni, anaivunja makusudi, anairudisha, anaivunja tena. Kwa hiyo nguvu ile ya kuruka, aliiweka yeye. DJ wa Sinza hakuzua kitu.

NEEMA: Rama, ile ni nguvu ya hasira. Ukumbini ilikuwa nguvu ya furaha.

RAMA: Mwili hautofautishi.

NEEMA: Unatofautisha kabisa! Na nikuulize, rimiksi ile ilikuwa na ubeti?

RAMA: Sikuwepo.

NEEMA: Haikuwa nao. Wamekata beti zote wamebakiza kiitikio. Ubeti ndipo mtoto alipo, ndipo kuna mama aliyevunjika moyo, ndipo anataja 1916, mwaka wa uasi wa Pasaka kule Dublin, kuonyesha jambo hili limeanza zamani. Ukikata ubeti umeondoa maiti, umeacha ngoma.

RAMA: Sawa, basi na Malaika tuuondoe harusini.

NEEMA: Malaika umeingiaje hapa?

RAMA: Umeingia kwa mlango wa mbele. Maharusi wa nchi hii wangapi wameingia ukumbini kwa Malaika? Mimi mwenyewe nimeupiga kwenye harusi mpaka vidole vinajiendea. Na Malaika unasema nini? Kijana hana mali. Anampenda binti na hawezi kumwoa. Ni wimbo wa ndoa iliyoshindikana, Neema! Unaimbiwa watu wanaooana, wazee wanapangusa machozi, bibi harusi anatabasamu.

NEEMA: Huo ni utamu wa huzuni, tumeuzoea.

RAMA: Tumeuzoea, ndiyo neno langu. Dunia nzima imeuzoea. Miriam Makeba kauimba, Boney M kauimba. Hotelini mgeni akiketi tu, kabla hajaagiza kinywaji, bendi imeshaanza. Nani anamkumbusha mgeni kwamba huyu kijana alikosa mahari?

NEEMA: Na huyo kijana ni nani? Maana hapo napo pana kesi.

RAMA: Fadhili William alirekodi, Mkenya, jina lake ndilo lililobaki kwenye sahani.

NEEMA: Na Adam Salim akasema ni wake. Mzee wangu mpaka leo ukimtajia Fadhili anazima redio.

RAMA: Mzee wako anajulikana.

NEEMA: Anasema wimbo ule ulitungwa na mtu aliyeumia, na aliyeumia ndiye mwenye haki ya kutajwa. Sijui mahakama ingesema nini, lakini hapo namuelewa. Wimbo ukishakuwa mtamu kwa kila mtu, wa kwanza kupotea ni yule aliyeumia.

RAMA: Wa kwanza kupotea ni wimbo usioimbwa! Zipo nyimbo ngapi za mapenzi za miaka ile za vijana waliokosa mahari? Mamia. Tunaikumbuka hii moja kwa sababu iliimbika. Harusini, hotelini, shuleni. Kaulize bendi yoyote ya hotelini Zanzibar au Mombasa wanachopiga kila usiku: watakutajia Malaika, na wageni wakishachangamka wataombwa Zombie. Nimeshapiga zote mbili usiku mmoja, na kiitikio cha Zombie meza zote zinaimba, Wajerumani, Waitaliano, wahudumu.

NEEMA: Wajerumani siwashangai. Kwao ulishika namba 1.

RAMA: Ujerumani, Ufaransa, Australia, Ubelgiji, Denmark. Kote namba 1. Singo ilitoka Septemba 1994, albamu ya No Need to Argue ikafuata Oktoba. Marekani hawakuiuza kama singo kabisa, na bado ikapanda kileleni kwenye chati ya Billboard ya roki ya kisasa. Mwaka uliofuata tuzo za MTV za Ulaya zikaupa wimbo bora. Na kampuni ya rekodi haikuutaka uwe singo! Waliogopa siasa. Bendi ikakaza.

NEEMA: Hilo ndilo lilikuwa funzo langu la kwanza, bendi kukaza.

RAMA: Tutafika.

NEEMA: Na video waeleze. Samuel Bayer, yule aliyeongoza video ya Smells Like Teen Spirit ya Nirvana, alikwenda Belfast akapiga picha wanajeshi wa kweli mitaani, na watoto wanarukaruka. Watoto wale si waigizaji. Sasa linganisha na ukumbi wenye puto.

RAMA: Unarudi Sinza.

NEEMA: Sijaondoka Sinza. Wewe ndiye uliyetupeleka kwa Fadhili William robo saa nzima.

RAMA: Kwa sababu hujanijibu. Malaika sawa, Zombie si sawa. Kwa nini?

NEEMA: Kwa sababu kwenye Malaika hakuna aliyekufa. Kijana alikosa mke, pengine akapata mwingine Mungu akipenda. Mtoto wa miaka 3 hapati kitu kingine.

RAMA: Hapo umesema kweli, ila bado hujanihamisha. Nikupe jambo moja. Dolores alifariki London tarehe 15 Januari 2018, ana miaka 46. Siku ileile alikuwa aende studio kuimba kwenye Zombie iliyorudiwa na Bad Wolves, bendi ya Marekani. Habari za kifo zikataja chanzo cha wimbo. Baba wa yule mvulana wa miaka 12 alikuwa hajui kwamba wimbo unamhusu mwanawe. Miaka yote ile! Akaufungua kwenye kompyuta, akasikiliza, na akausifu hadharani, akasema maneno yake yana uzito na yana ukweli. Baba mzazi, Neema. Sasa wewe na mimi ni nani?

NEEMA: Lakini alifanya nini? Alikaa akasikiliza maneno. Hukusema aliruka. Umenipa ushahidi wangu mwenyewe.

RAMA: Na ulimfikiaje? Ungekuwa wimbo uliokufa mwaka 1995, nani angeutangaza mwaka 2018? Umati ndio uliomtunzia. Wale wanaopiga kelele bila kujua maana, ndio walioubeba mpaka ukafika kwake.

NEEMA: Ulimfikia kwa sababu kuna mtu alimweleza maana. Bila maelezo angeusikia redioni, ukapita.

RAMA: Aa.

NEEMA: Hata wenyewe hawajaafikiana. Kombe la Dunia la raga 2023, Ireland wamewafunga Afrika Kusini pale Paris, uwanja mzima ukaimba Zombie. Ukazuka mjadala mkubwa kwao. Wako waliosema wimbo unalaumu upande mmoja tu na kuwasahau waliouawa na upande wa pili kule Ireland Kaskazini. Wako waliosema acheni watu washangilie, ni wimbo wetu. Kwa hiyo usinifanye mimi ndiye mkorofi peke yangu.

RAMA: Sijakuita mkorofi. Nasema uwanja ule ulikuwa mahali pake hasa. Watu wa Ireland, kwa sauti moja, wimbo unaokataa kuua kwa jina lao. Unataka waimbe wamekaa?

NEEMA: Nataka wajue wanachoimba.

RAMA: Utawapa mtihani mlangoni?

NEEMA: DJ nitampa. DJ ana kazi moja, kujua anachoweka. Shangazi simlaumu hata kidogo, alisikia ngoma akacheza.

RAMA: Hapo hatutaelewana. Mimi harusi ijayo wakiniomba nitaupiga, tena na beti zote.

NEEMA: Na mimi nitakaa tena.

RAMA: Kaa. Nitakuona kutoka jukwaani.

NEEMA: Fundi ananionyesha vidole viwili, dakika mbili. Mafunzo yangu matano jamani! La kwanza tumeligusa. La pili ni hizo kodi nne, kwamba msiogope urahisi, lakini…

RAMA: Lakini wajue wapi pa kunyamaza. Ubeti mdogo ndio unaofanya kiitikio kiwe kikubwa. Vijana mnajaza vinanda kuanzia sekunde ya kwanza, kiitikio kikija hakuna pa kwenda.

NEEMA: Hilo lilikuwa la nne, umelila. La tatu lilihusu…

RAMA: Fundi kashafunga ngumi.

NEEMA: Basi. Wimbo wenyewe hatuwezi kuuweka hapa, mnajua sababu. Tafuteni ule wa studio wa 1994, na kabla hamjabonyeza, someni maneno yake yote.

RAMA: Bonyezeni kwanza. Ongezeni sauti. Maneno mtayafuata wenyewe.

NEEMA: Maneno kwanza.

RAMA: Sauti kwanza, Neema, ndivyo wimbo ul…