Mimi naruhusiwa kuingia choo ya wanawake Texas, shemeji yangu ameitiwa askari

Niaje wasee wangu wa Nairobi, leo hakuna taa wala mapambo, niko ndani ya gari nje ya kazi na nimebakisha dakika ishirini hivi shifti ianze, hiyo sauti mnaskia ni hita na sizimi, kuna baridi imeingia Texas ya ajabu. Sasa. Ile klipu inasema hapa Texas mtu trans, yaani yule anaishi kwa jinsia tofauti na ile aliandikwa akizaliwa, anatozwa faini na kufungwa akiingia choo. Mmenitumia watu kumi na wawili, hata makanga mmoja wa ruti ya Kayole sijui alitoa wapi namba yangu, wote swali ni moja, ati ni kweli huko kwenu mtu trans anafungwa juu ya kuenda choo?

Na mmeuliza mtu mwenyewe, juu mimi kazi yangu ni kuosha choo. Sijawahi kuwaficha. Jengo ni la serikali, silitaji, nina mtoto wa kulipia fii.

Hapa Texas sheria inaitwa SB 8, ilianza kazi tarehe 4 Desemba 2025. Inasema kwa majengo ya serikali, shule za umma, vyuo vya umma na jela, mtu aende choo ya ile jinsia alizaliwa nayo. Moli haimo, hoteli haimo, kanisa haimo. Na klipu yenu imechanganya, juu Texas hawamtozi faini yule mtu ameingia, wanatoza ofisi: mara ya kwanza dola 25,000, hiyo ni kama milioni 3.2 za kwetu, mkirudia ni 125,000, na kila siku inahesabiwa kosa lake. Ile ya kufunga mtu ni Florida. Huko tangu Julai 2023, mfanyakazi wa serikali akikwambia toka na ukatae unaweza kula siku 60 ndani na faini ya dola 500. Machi 2025 kuna msichana trans wa miaka 20 alienda jengo la bunge la jimbo pale Tallahassee, alikuwa amewaandikia waheshimiwa barua mapema akawaambia nakuja kuvunja hii sheria, akaingia choo ya wanawake, akanawa mikono, akapigwa pingu. Baadaye kesi ikatupwa, upande wa mashtaka walichelewa.

Sasa skieni vile ilifika kwetu. Supavaiza alituita tukasimama na ndoo zetu, akabandika notisi, akasoma haraka haraka. Nikauliza, sasa mtu akiingia mimi nitajuaje alizaliwa aje? Jamaa akaangalia dari. Akaniambia, "Utajua tu."

Utajua tu! Na chekeni kidogo, kwa hiyo hiyo sheria mtu wa usafi ameruhusiwa kuingia choo yoyote akiwa kazini. Yaani mimi, mwanaume wa kilo tisini na ndevu, naingia ya wanawake kila jioni na mopu yangu na hakuna mtu ananiuliza kitu.

Aliyeulizwa ni shemeji. Mke wa rafiki yangu, Mluhya mrefu, sauti nzito, ananyoa kipara tangu tukiwa Nairobi juu hapendi kukaa saluni. Alienda ofisi fulani ya serikali kushughulikia karatasi za gari, akatoka kwa foleni kidogo aende msalani, mama mmoja akamfuata hadi mlangoni akaanza kupiga kelele kuna mwanaume humu. Askari akaja. Shemeji ana watoto watatu, amewanyonyesha wote, na amesimama hapo kwa korido anatoa leseni kwa mkoba mikono ikitetemeka, foleni yote imegeuka. Leseni imeandikwa F, yaani mwanamke. Askari akaisoma, akamwangalia, akaisoma tena.

Najua kuna mzazi ataandika kwa komenti, na msichana wangu je? Sikucheki, mimi pia nina wa miaka saba. Lakini mwanaume akishika mtoto wa mtu hiyo ni jela tangu zamani, Texas na Nairobi, hakuna mbakaji alikuwa anangoja notisi. Miaka sita nimeosha hizi choo, wanaume wawili tu nimepata upande wa wanawake, mmoja alikuwa amelewa na mwingine alikuwa anaiba tishu.

Halafu msiniambie ati haya ni mambo ya wazungu. Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret iliamua kesi ya mwanamke trans aliyekamatwa 2019, akavuliwa nguo na kupimwa mwili bila kukubali, ikaamua alipwe shilingi milioni 1. Ukishasema choo ni ya mwili fulani, lazima kuna mtu atataka kuuangalia huo mwili. Ni hapo tu mimi nakwama.

Anti yangu alikaa mlango wa choo ya kulipia miaka mingi pale karibu na stendi ya Machakos. Stuli, beseni ya koini, tishu amekata amekunja vizuri kama leso. Nikiwa mdogo nilikuwa namsaidia kukunja. Walikuwa wanapita watu wa kila aina pale, wengine hata mimi nilikuwa nakodoa macho, nikikodoa ananichapa kofi ya shingo. Yeye alikuwa anauliza swali moja tu: "Uko na loose?" Basi. Shilingi kumi ikilia kwa beseni, umepita.

Shemeji ako sawa, nilimpigia jana. Ananiambia siku hizi akiwa na shughuli ofisi za serikali hanywi chai asubuhi.

Haya, saa imefika, acha nikimbie. Ya wanawake ndio naanza nayo.