Sefu la Zamani: Uzito Ujulikane Kabla ya Mtarimbo

MARIAMU: Karibuni. Leo ni masefu ya zamani, yale yanayokutwa kwenye maduka ya kale ya Mwanza mjini na viwanda vya kuchambua pamba. Kaka Nyanda, kabla ya kuita vijana wa kubeba, mtu aanzie wapi?

NYANDA: Mlangoni, dada. Mengi yamepakwa rangi mara tatu, nne, bamba la shaba lenye jina la mtengenezaji limefunikwa. Kwaruza taratibu kwa kijiti, usitumie patasi. Ukiona Milner, hilo ni la Liverpool. Godrej ni la Mumbai. Angalia pia kifuniko cha tundu la ufunguo, na ufunguo wenyewe, huenda una namba.

MARIAMU: Jina linatupa uzito?

NYANDA: Halitoshi. Kinachoamua ni kilichojazwa kati ya bati la nje na la ndani. Milner walitumia vumbi la mbao lililochanganywa na shabu, ile chumvi ya kusafishia maji: moto ukija, shabu hutoa maji, karatasi zinabaki salama. Mengine yamejazwa zege. Kwa macho ni mamoja, uzito ni tofauti kabisa.

MARIAMU: Tupe hesabu.

NYANDA: Chukua sefu la sentimita 60 kwa 60, urefu 90. Ndani, 40 kwa 40 kwa 70. Ukitoa ujazo wa ndani kwenye wa nje unabaki na mita za ujazo 0.212, ndizo kuta na mlango. Sasa bati. Chuma cha milimita moja kina kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Nje kuna mita za mraba 2.88, kwa bati la milimita 6 ni kama kilo 136. Ndani 1.44, bati la milimita 2, kilo 23. Nafasi iliyobaki ikiwa zege, kwa kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, ni kilo 460.

MARIAMU: Jumla 619.

NYANDA: Na bado kufuli na makomeo. Ongeza asilimia 10, unafika 680. Hilo ni sefu lisilofika kiunoni kwa mtu mzima! Na kama kuta ni chuma peke yake, ni kilo 1,664. Usipojua kilichomo, panga kwa namba hiyo kubwa.

MARIAMU: Na kutoboa ili kuona?

NYANDA: Hapana, tafadhali. Baadhi yana asbesto, madini ya nyuzi yanayozuia moto, na vumbi lake linaharibu mapafu.

MARIAMU: Makosa gani huumiza watu wakati wa kuhamisha?

NYANDA: Mlango. Ni mzito, ukifunguka sefu linainama mbele na kumwangukia aliye mbele. Ufunge kwa ufunguo, kisha uzungushie mkanda. Ufunguo usiachwe tunduni, utavunjika. Magurudumu ya chini usiyaamini, hewa ya ziwani huyaozesha. Tumia mabomba ya chuma manne yenye unene mmoja, juu ya mbao ngumu: matatu yabebe, la nne lihamishwe mbele. Inua kwa mtarimbo kidogo kidogo, weka kabari kila hatua, vidole visipite chini kamwe.

MARIAMU: Na kuteremka mlima kama wa Bugando, pale Mwanza?

NYANDA: Hapo mabomba ni hatari. Tumia winchi, mashine ya kuvutia kwa kamba ya chuma, iliyofungwa juu, mtu yeyote asisimame upande wa chini. Na kama lipo ghorofani, mwite kwanza fundi wa majengo: kilo 680 juu ya eneo la 60 kwa 60 ni karibu kilo 1,900 kwa mita ya mraba.