Disney World: Ulipie Chakula Kabla ya Safari au Ununue Ukifika? Tupige Hesabu

Karibuni ndugu watazamaji. Video ya leo ni ya kalamu na karatasi, kwa hiyo kama uko jikoni unapika, isimamishe kwanza, utairudia ukitulia.

Najua familia nyingi zetu zilizoko Marekani, na nyingine zinazofunga safari kutoka Dar na Nairobi, zinajipanga kuwapeleka watoto Walt Disney World, zile bustani kubwa za michezo kule Florida, jirani na Orlando. Unachagua hoteli, unachagua tiketi, halafu kabla hujalipa unaulizwa kama unataka kuongeza mpango wa chakula. Hapo ndipo watu wanapobonyeza “ndiyo” kwa woga, kwa kuwa wamesikia chakula cha kule ni ghali. Ni ghali kweli, lakini hilo halitoshi kukufanya ununue. Swali ni moja: familia yako ingekula nini kama mpango huu usingekuwepo?

Hatua ya kwanza. Fahamu unanunua kitu gani.

Mpango huu ulisimamishwa mwaka 2020 wakati wa korona, ukarudi Januari 2024. Uko wa aina mbili. Wa kwanza nitauita mpango wa kaunta: kila mtu anapata milo miwili ya kununua kaunta na kitafunwa kimoja kwa kila usiku mnaolala. Wa pili ni mpango wa mezani: mlo mmoja wa kaunta, mlo mmoja wa kukaa na kuhudumiwa, na kitafunwa kimoja. Katika yote miwili kila mtu anapewa na kikombe cha kujaziwa vinywaji. Mlo wa kaunta ni chakula na kinywaji. Mlo wa mezani, mchana au jioni, ni chakula, kinywaji na kitindamlo, au bufee kamili kama mkahawa ni wa bufee. Vyakula vya kuanzia mlo havimo.

Sikia vizuri neno “usiku”. Mkilala nne mna siku tano za kula, lakini kuponi, yaani haki zenu za kuchukua mlo au kitafunwa, ni za usiku nne. Zote mnawekewa siku mnayoingia hotelini, mnazitumia kwa mpangilio wowote mnaotaka, na saa sita usiku ya siku mnayoondoka zinakufa. Ni kama bando la simu: zilizobaki hazirudishwi kuwa hela.

Masharti mengine mawili. Lazima mlale kwenye hoteli ya Disney yenyewe na muwe mmenunua kifurushi cha safari, yaani hoteli na tiketi kwa pamoja. Na kila mtu chumbani mwenye miaka 3 na kuendelea lazima awemo. Huwezi kuwakatia watoto peke yao ukamwacha baba, wala kumwacha bibi kwa sababu anakula kidogo. Sharti hili ndilo linaloamua mambo mengi, na mtaona sasa hivi kwa nini.

Hatua ya pili. Andika umri wa kila mtu.

Chini ya miaka 3 halipiwi, anakula kwenye sahani yenu. Kuanzia 3 hadi 9 ni bei ya mtoto. Akifika 10, anahesabiwa mtu mzima. Mwaka 2024 mpango wa kaunta ulikuwa dola 57.01 kwa mtu mzima na 23.83 kwa mtoto, kwa usiku mmoja. Wa mezani ulikuwa 94.28 kwa mtu mzima na 29.69 kwa mtoto. Mimi natumia bei hizo kwa mfano. Wewe weka ya tarehe zako utakayoikuta kwenye tovuti yao, hesabu haibadiliki.

Tuchukue familia ya baba, mama, mtoto wa miaka 12 na mtoto wa miaka 6, usiku nne. Wakubwa ni watatu, kwa sababu huyu wa 12 ameshavuka. Mpango wa kaunta: 57.01 mara tatu ni 171.03, ongeza 23.83, unapata 194.86 kwa usiku. Mara nne, 779.44. Wa mezani: 94.28 mara tatu ni 282.84, ongeza 29.69, ni 312.53. Mara nne, 1,250.12. Andika namba hizo mbili juu ya karatasi yako, maana kila kitu kinachofuata tutakilinganisha nazo.

Hatua ya tatu. Fungua menyu.

Disney wanaweka menyu zote pamoja na bei kwenye tovuti na kwenye programu yao ya simu, na huhitaji kuwa umefika Florida ili kuziona. Kaa na watoto, fungueni menyu, kila mmoja aseme angeagiza nini. Si kitu ghali kuliko vyote ili mpango uonekane una faida, hapana. Kitu ambacho angekula kweli. Mama ambaye siku zote anakunywa maji usimwandikie soda.

Kwa mfano wetu tuseme mlo wa kaunta wa mtu mzima pamoja na soda ni dola 20, kitafunwa ni 7, na kodi ya mauzo pale ni asilimia 6.5. Milo miwili na kitafunwa ni 47, pamoja na kodi ni 50.06. Mpango ni 57.01. Umeona? Mtu mzima ameshapoteza karibu dola 7, na hapo amekula kila alichoruhusiwa.

Utaniambia, kikombe je? Tuseme kikombe kinauzwa dola 22 kwa kukaa kwenu kote. Gawanya kwa usiku nne, weka kodi, ni kama dola 5.86 kwa usiku. Sasa tunafika 55.92, bado hatujafikia 57. Halafu kikombe hicho kinajazwa hotelini tu, huko kwenye bustani zenyewe mnakoshinda kutwa nzima hakijazwi. Na kaunta zenye mashine ya soda zinatoa maji ya barafu kwenye glasi ya karatasi bure, ukiomba. Ushauri wangu: kama usingekinunua kikombe hicho kwa hela yako mfukoni, kifute kwenye hesabu. Kitu ulichopewa bila kukihitaji hakijakuokolea senti.

Sasa mtazame huyu wa miaka 6. Tuseme mlo wake wa kaunta ni dola 9. Miwili ni 18, kitafunwa 7, jumla 25, na kodi ni 26.63. Mpango wake ni 23.83. Yeye anaingiza faida. Mtoto wa chini ya miaka 10 ndiye anayeubeba mpango huu, na huyu wa 12 ndiye anayeuzamisha, hasa kama bado anakula sahani ya kitoto na kuacha nusu. Analipiwa kama baba yake.

Kuna jambo moja linalogusa wengi wetu. Mtu mzima kuanzia miaka 21 anaweza kuchukua bia au mvinyo kama kinywaji cha mlo wake palipo na pombe, na bei ya bia imezidi sana ya soda. Wale wanaosifu mpango huu kwenye video za Kiingereza, mara nyingi faida yao imetokea hapo. Kama nyumbani kwenu hamnywi pombe, hesabu yao si yenu.

Na kama mnakula halali, fanyeni kazi hii kabla hamjalipa hata senti moja. Waandikie wakuambie ni mikahawa ipi inaweza kuwahudumia na inahitaji taarifa mapema kiasi gani. Mkigundua kwamba kwenye kaunta nyingi mtakuwa mnarudi kwenye samaki na viazi vya kukaanga, kuponi mbili za kaunta kwa siku zitawachosha upesi. Safari ikiangukia Ramadhani, wanaofunga hawana mlo wa mchana. Kwao mpango wa kaunta sioni unaingiaje.

Hatua ya nne. Mpango wa mezani upimwe kwa mkahawa, si kwa jina.

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo watu wanapoumia. Kuna mikahawa ya bufee ambapo wahusika wa katuni wanapita mezani kupiga picha na watoto. Chef Mickey's ni mmojawapo, Tusker House kule Animal Kingdom, bustani yao ya wanyama, ni mwingine. Bufee kama hizo ni ghali ukilipa taslimu, lakini nyingi zinachukua kuponi moja tu. Tuseme mtu mzima ni dola 60 na mtoto 38. Mkubwa: mlo wa kaunta 20, bufee 60, kitafunwa 7, jumla 87, na kodi ni 92.66. Mpango ni 94.28. Karibu sawa kwa sawa. Mtoto: 9, 38 na 7 ni 54, na kodi 57.51, wakati mpango wake ni 29.69. Hapo kwa mtoto mmoja mmeokoa karibu dola 28 kwa usiku. Familia yenye watoto watatu wa umri huo, inayotaka bufee za katuni karibu kila siku, inunue bila kusita.

Sasa mpeleke mtu mzima huyo huyo kwenye mkahawa wa kawaida. Chakula 27, kitindamlo 10, soda 5, ni 42. Ongeza kaunta 20 na kitafunwa 7, ni 69, na kodi 73.49. Mpango ni 94.28 vilevile. Amepoteza zaidi ya dola 20 kwa usiku mmoja, na kile kitindamlo huenda asingekiagiza. Wakubwa watatu kwa usiku nne, wanapoteza karibu dola 250.

Halafu kuna mikahawa inayokula kuponi mbili kwa mlo mmoja. Nawapa mfano wa Animal Kingdom Lodge, hoteli ambayo baadhi ya vyumba vyake vinatazamana na twiga na pundamilia wakila majani. Ndani ya Jambo House, jengo lake mojawapo, mna mikahawa miwili jirani, Boma na Jiko. Boma ni bufee yenye vyakula vya Kiafrika, kuponi moja. Jiko ni kuponi mbili. Mkienda Jiko usiku mmoja mmetumia milo ya mezani ya usiku mbili. Kama moyo wako uko Jiko, nenda, lakini lipa taslimu uone bei yake halisi. Na kwenye jengo la Kidani Village kuna Sanaa, wanaosifika kwa sinia la mikate na vichovyeo vyake. Sinia hilo watu wengi hulishiriki mezani na kushiba kwa bei nafuu, tena bila kuponi.

Hatua ya tano. Nafasi mezani zipo?

Mikahawa hii inapokea maombi ya nafasi siku 60 kabla. Wanaolala hoteli za Disney wanahesabu siku 60 kabla ya kuingia, na siku hiyo moja wanaweza kukamata nafasi za siku zao zote hadi kumi. Zile za katuni zinaondoka haraka. Ukikosa, umebaki na kuponi ghali na mikahawa ambayo haizirudishii thamani yake. Andika mikahawa minne unayoitaka na minne ya akiba. Kama ukitazama hiyo ya akiba hesabu inaanguka, usinunue mpango wa mezani. Na ukiweka nafasi msipotokea, mnakatwa dola 10 kwa kila mtu.

Muda nao ni gharama. Mlo wa mezani unaweza kula saa moja hadi saa moja na nusu, na tiketi ya kuingia mmeilipia. Watoto wanaotaka kupanda kila chombo hawatakaa.

Bakshishi haimo kwenye mpango. Mkiwa sita au zaidi, asilimia 18 inaongezwa kwenye bili moja kwa moja. Kwa bufee ya mfano wetu, watu wanne, dola 218, asilimia 18 ni dola 39 na ushee, kila mlo. Ungeilipa hata bila mpango, kwa hiyo haibadilishi ulinganisho wetu, ila iwe mfukoni. Msimnyime mhudumu kwa kudhani kila kitu kilishalipwa.

Hatua ya sita. Andika njia ya tatu, ya mfuko wako mwenyewe.

Disney World wanaruhusu kuingia na chakula chako. Kisihitaji kupashwa moto, kisiwe kwenye chombo cha glasi, usiwe na pombe wala barafu ya kumwaga, na sanduku lako la kutunzia vitu baridi lisizidi inchi 24 kwa 15 kwa 18. Maandazi, chapati za kukunja na mayai, matunda, korosho: vyote vinapita. Familia yetu ya mfano ikibeba kifungua kinywa na vitafunwa, inunue mlo mmoja wa kaunta mchana, jioni irudi hotelini au iende bufee ya katuni mara moja tu katika safari nzima, hiyo 1,250 itabaki mbali sana. Mimi, kwa familia yenye watoto wakubwa, hapa ndipo ninapowaelekeza.

Kuhusu zile ofa za “mpango wa chakula bure” zinazotoka mara kwa mara: nyingi zinadai ulipe chumba kwa bei kamili. Tafuta punguzo la chumba kwa tarehe hizo hizo, ulinganishe jumla na jumla. Mara nyingine hiyo bure inazidiwa na punguzo la chumba.

Kama hesabu yako imekubali na umeshanunua, basi zitumie kuponi kwa akili. Kuponi ya kitafunwa usiitoe kwa chupa ya maji, chukua kitu chenye bei. Salio angalia kwenye programu kila jioni, watoto wakishalala. Siku ya kuondoka mkikuta vitafunwa vimebaki, pitieni duka la hotelini mchukue vile vilivyofungwa ambavyo kuponi inakubali, vitawafaa watoto uwanja wa ndege.