Kabla Hujatia Dole Gumba
(Mazungumzo na waendesha bodaboda na familia zao, Ujiji, Kigoma)

Shikamooni wazee. Vijana, zimeni injini kidogo, tusikilizane.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kumpata wakili baada ya ajali. Niseme mapema: mimi si wakili. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inanitambua, na hiyohiyo hainiruhusu kusimama mahakamani kwa niaba yako. Kwa hiyo sina mteja ninayemwinda hapa.

Kuna jambo linawaponza wengi. Gari limemgonga mtu pale Gungu, dereva kapelekwa mahakamani, kakiri kosa, kalipa faini. Familia inarudi nyumbani ikisema kesi imekwisha. Imekwisha ya nani? Faini imeingia serikalini. Mguu wako haujalipiwa hata shilingi. Fidia ni dai jingine kabisa, na usipolianzisha wewe hakuna atakayekuanzishia. Omba nakala ya hukumu ile ya trafiki, itakusaidia. Kufungua shauri la fidia mahakamani una miaka 3. Mtu husikia miaka 3 akalala, akaja kwangu zimebaki wiki mbili.

Sasa tuje kwa yule bwana anayekuja wodini. Mnacheka, mnamjua! Mgonjwa bado ana dripu, yeye kashafika na mkoba. "Mimi nashughulikia mambo ya bima." Anatoa karatasi, anakushika mkono, dole gumba hilo kwenye wino. Halafu anaondoka na PF3 yako halisi, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Wakili wa kweli haruhusiwi kuwinda wateja vitandani. Huyo mara nyingi ni kishoka, yaani wakili wa bandia, na hata kama ni wakili, ameshakuonyesha tabia yake.

Shemeji yangu alitia dole. Akaletewa milioni 1 na laki 2, akafurahi, tukala kuku. Kumbe katika zile karatasi mlikuwa na hati ya kumaliza madai, yaani kakubali kwamba hadai tena. Miezi mitano baadaye mguu ukatakiwa kupasuliwa tena, akaenda kwenye bima, wakamwonyesha dole lake. Mpaka leo hajui kampuni ilitoa shilingi ngapi hasa.

Ndiyo maana nasema wakili mtafute wewe, asikutafute yeye. Muulize jina kamili, kisha liangalie kwenye mfumo wa Mahakama unaoitwa e-Wakili. Simu hizo mnazochezea mikeka zinatosha. Leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka, na mfumo utakuonyesha kama yake iko hai. Nenda ofisini kwake, si mgahawani. Muulize kama amewahi kudai fidia ya ajali, au yeye ni wa viwanja na mirathi. Muulize nani atalipia ripoti ya daktari na ada za mahakama. Makubaliano ya malipo yaandikwe, upewe nakala. Na swali ambalo ukilisahau mengine yote ni bure: fidia ikitoka, inaingia kwenye akaunti ya nani?

Siku hizi Mahakama Kuu iko hapahapa Kigoma, hatupandi tena treni kwenda Tabora. Wakili akikuomba nauli ya Tabora, mwulize anakwenda kufanya nini.

Lakini hata wakili hodari hapiki bila kuni. Mahakama haitakupa gharama usizothibitisha. Risiti ya dawa, ya pikipiki iliyokubeba kwenda hospitali ya Maweni, ya magongo, zote weka. Ninyi wa pikipiki za mkataba, mnampelekea bosi hesabu kila siku, lakini nani ana daftari? Mikono juu. Wawili! Ukisema ulikuwa unapata elfu 25 kwa siku, hakimu atauliza umeandika wapi.

Na bima ndogo uliyonayo, ile ya mtu wa tatu, humlipa uliyemgonga. Ukiteleza mwenyewe mteremko wa Kibirizi, haikuhusu. Ukigongwa na gari, dai lako liko kwenye bima ya gari lile, kwa hiyo piga picha namba yake kabla halijaondolewa. Kwa namba hiyo unaweza kuhakiki bima yake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Aliyeajiriwa akaumia kazini ana mlango mwingine, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na pale hahitaji wakili ili kuanza.

Kuna kijana kauliza, asiye na hela ya wakili afanyeje? Msaada wa kisheria wa bure upo. Ulizia halmashauri, wanayajua mashirika yaliyosajiliwa, au anzia kwangu.

Nitakaa chini ya mwembe ule hadi saa kumi na moja. Mwenye karatasi alete halisi na kivuli, yaani fotokopi. Kivuli nitabaki nacho. Halisi rudi nayo nyumbani.