Mkaa Ndani ya Kichungi cha Sigara

Ndugu zangu, nimekuja na wembe na sigara moja. Napasua kichungi kwa urefu, hivi. Sogeeni. Huku na huku ni nyuzi nyeupe, katikati kuna punje nyeusi kama majani ya chai. Huo ni mkaa ulioamilishwa. Mara nyingi hutokana na vifuu vya nazi: huchomwa pasipo hewa ya kutosha, kisha hupitishiwa mvuke mkali mpaka vijae vitundu visivyoonekana kwa macho. Kuta za vitundu vya gramu moja, ukizitandaza, zinafika kama mita za mraba 1,000, yaani robo ekari! Lakini humu hamna gramu. Ni makumi ya miligramu tu.

Kazi yake ni kunasa gesi: benzini, asetaldehaidi, na akrolini ile inayowasha macho. Lami, yaani masizi ya kunata yaliyomo kwenye moshi, husafiri kama vitone, kwa hiyo mkaa hauishiki. Kaboni monoksaidi nayo inapita kama mlango uko wazi.

Tuje kwenye upimaji. Mashine ya kuvutia sigara, kwa kipimo cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, huvuta mililita 35 za moshi kwa sekunde 2, mara moja kila dakika. Kwa mwendo huo wa taratibu, mkaa wa kutosha hunasa sehemu kubwa ya gesi hizo, na matokeo yanapendeza. Kipimo kikali cha Kanada huvuta mililita 55 kila sekunde 30, matundu yakiwa yamezibwa yote. Matundu gani? Karatasi ya kichungi hiki, ukiielekeza kwenye taa, ina pete ya vitobo. Hapo ndipo hewa safi huingia kuzimua moshi, na hapohapo ndipo vidole na midomo huziba bila mvutaji kujua.

Chini ya kipimo hicho mkaa hulemewa. Moshi unakuja mzito na wa kasi, gesi hazipati muda wa kuzama vitunduni. Halafu nafasi zenyewe zinaisha: mivuto ya mwanzo inazijaza, ya mwisho inapita.

Linaloniuma ni hili: anayevuta kwa nguvu hivyo mara nyingi ni yule aliyehamia sigara iitwayo nyepesi akitaka kujinusuru. Mwili wake unadai nikotini ileile, basi anavuta kwa kina zaidi. Na mwenye mapumziko ya dakika 5 hangoji sekunde 60 ndipo avute tena.