Kuzima Swichi Kuu Hakutoshi

Ndugu zangu mafundi, na nyinyi vijana mnaoanza kazi hii, leo nazungumzia jambo moja tu: kung'oa kasha kuukuu la fyuzi na kuweka bodi ya breka bila mtu kupoteza maisha.

Ukibadilisha soketi unashusha breka, waya unakufa, unafanya kazi. Kwenye kasha la fyuzi sivyo. Zile nyaya mbili nene zinazotoka kwenye mita na kuingia juu ya swichi kuu hubaki na umeme hata swichi ikiwa chini, na ndizo hasa unazokwenda kuzifungua! Breka za ndani hazizilindi. Fyuzi ya huko nje nayo haikatiki kwa sababu mtu kashika waya. Umeme unaoua binadamu ni mdogo mno kwake.

Kwa hiyo, mita, lakiri yake na waya wa nguzoni waachieni TANESCO, shirika la umeme. Peleka maombi, waje wakate wenyewe. Najua mteja anataka kazi leo hii hii. Mwambie asubiri.

Wapo wanaosema, "Nangoja uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, ziishe." Jamani! Waya unaoingia kwenye mita bado una moto, na mtu sebuleni akiingiza tokeni tu, umeme unarudi kwenye vidole vyako. Mgao ndiyo usiseme. Umeme unarudi bila hodi. Kama kuna jenereta au inveta ya sola, hizo nazo zitenganishwe.

TANESCO wakishakata, pima. Testa ya bisibisi siiamini kwa kazi hii: isipowaka, pengine yenyewe ni mbovu, au umesimama juu ya ubao mkavu. Chukua mita ya volti, ijaribu kwanza kwenye soketi ya jirani isome kama 230. Rudi kwenye swichi kuu, upande wa juu, upime waya wa moto na nyutro (waya wa kurudisha umeme), moto na ethi (waya wa ardhini), kisha nyutro na ethi. Nyutro msiidharau, maana kuna nyumba nyaya zimegeuzwa, na yenye moto ni hiyo. Halafu nenda tena kwa jirani, uhakikishe mita yako ya volti haijafa katikati ya kazi. Mteja akikuona unahangaika, mwache akuone.

Bodi mpya ikishafungwa, chomoa vifaa vyote na upime nyaya kwa mega, kile kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja kwenye nyaya, ya volti 500. Ikisoma chini ya megaomu 1, usiite mtu kurudisha umeme. Tafuta waya uliochubuka. Haya, maswali.